Uwanja wa Viti Viwili

Baba yangu alipanga uwanja wake kwa kukaa. Wengine hupanga kwa kamba na vijiti, wanapima, wanasimama mbali na kufumba jicho moja. Yeye alibeba kiti chake kidogo cha miguu mitatu, akakiweka mahali, akakaa. Asubuhi alikaa upande wa jikoni, adhuhuri akahamia kwenye ukuta wa nyuma, jioni akashuka karibu na njia inayoelekea Mushaki. Upepo ukimkata masikio, alihama. Jua likimpata vizuri mgongoni na macho yake yakafika njiani, alikwaruza ardhi kwa kisigino na kusema hapa ndipo benchi litakaa. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba uwanja wetu umepimwa kwa makalio. Baba hakukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli.

Huko Karuba, kwenye vilima vya Masisi, uwanja wa nyumba una kazi kabla ya kuwa na uzuri. Baridi inaingia hadi kwenye mifupa, ng'ombe wa jirani hawana adabu, na mvua ikishuka kwenye mteremko inachukua udongo wako na kumpelekea mtu ambaye hata hakukusalimia. Kwa hiyo baba alizungusha wigo wa miti iliyobanana, akachimba mfereji juu ya nyumba na kupanda matete ukingoni ili udongo ukae. Aliacha mlango mmoja tu, na kila upande wa mlango alipanda ule mmea wa majani marefu ambao kwetu unaonyesha mpaka wa shamba. Unakata kipande, unakichomeka ardhini, kinaota bila kubembelezwa. Kwetu mtu anaweza kukusamehe umemtukana mke wake, lakini ukimng'olea mmea wa mpaka mtaonana kwa chifu.

Kulikuwa na jambo lingine. Asubuhi baba hakuwahi kutoa kiti kimoja nje. Alitoa viwili, hata siku ambayo hakumtazamia mtu yeyote. Alisema kiti kimoja kinamwambia mpita njia kwamba hapa hakuna nafasi yake. Majirani wote walilijua hilo. Mtu akiona viti viwili kupitia mlango wa wigo, alikohoa kidogo, akaingia, akakaa, na maharagwe ya msimu yakaongelewa hadi yakaisha. Nilikua nikidhani kwamba watu wote duniani wanaishi hivyo.

Mimi ni mshonaji. Niliolewa, nikamfuata mume wangu Walikale, naye akaifuata dhahabu hadi Omate. Mwanzoni alirudi na sabuni na vitambaa, baadaye akarudi mikono mitupu, halafu akaacha kurudi. Nasikia ana nyumba huko na watu wa kumpikia. Sitamwongelea zaidi, maana hakubeba hata jiwe moja la uwanja huu.

Mama alipofariki, na vijiji vya kule juu vikaanza kukimbia vita, kuhama na kurudi, kuhama na kurudi, nilikwenda kumchukua baba. Hakutaka. Tulibishana hadi nikachoka, kisha asubuhi moja nikamkuta amekaa mlangoni akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa na mfuko wa nguo, viti viwili vilivyofungwa kwa kamba, na gunia lililolowa maji. Mwenye pikipiki aliuliza ndani ya gunia kuna nini.

"Iko mupaka," baba alisema.

Ndani mlikuwa na vipande vya ule mmea. Nilimwambia kwamba kule Walikale kuna miti kuliko watu, aviache. Alilikumbatia gunia mapajani njia nzima, kwenye matope na kwenye madaraja ya magogo, na kila tuliposimama aliomba maji ya kulinyunyizia. Nilikuwa na aibu mbele ya yule kijana wa pikipiki. Leo ningetoa nini ili nimwone tena amelishika vile.

Nyumba yangu iko karibu na njia inayoshuka kwenye mto Lowa. Wakati ule uwanja wake ulikuwa kama wa majirani wote, udongo mtupu mwekundu uliofagiliwa kila asubuhi hadi ukang'aa. Huku ni chini, ni joto, msitu uko karibu, na mtu haachi majani yasogee nyumbani kwa sababu ya nyoka. Hakuna wigo. Ukisimama kwenye mlango wangu unaona nani anaosha vyombo, nani amegombana na nani, hadi nyumba ya mwisho. Baba alitazama hayo yote. Kisha akauliza kama watu wa hapa hawana mahali pa kulilia.

Nilikuwa naondoka asubuhi na cherehani yangu kwenda sokoni, narudi jua likiwa limelegea. Baba alibaki. Kati ya kuondoka kwangu na kurudi kwangu hakuwa na mtu. Alikuwa mtu wa kuongea kuliko kula, na sasa alikaa nyuma ya nyumba, uso ukutani, kwa sababu mbele palimwacha uchi. Nilipomuuliza siku ilikwendaje, alisema ilikwenda. Sauti yake ilianza kutoka kwa shida, ikikwaruza, kwa kuwa haikutumiwa tangu asubuhi. Hapo niliogopa. Nilitaka kitu kimoja tu, baba apate mtu wa kuongea naye mchana kabla sauti hiyo haijamwisha. Fedha ya kumwajiri mtu sikuwa nayo, na mtu wa kuajiriwa hachekeshi. Nikaamua kumpangia uwanja.

Niliupanga nikiwa nimesimama. Nilikuwa na haraka, na nilidhani ninajua: nitatengeneza Karuba, na baba akiona Karuba ataamka, na watu wataona mahali pazuri, watakuja. Nilitumia kila Jumapili baada ya ibada. Nilichimba mfereji juu ya nyumba ili mvua ya Walikale, ambayo haijui kunyesha kidogo, izunguke badala ya kupita chumbani. Mawe ya mviringo nilipanda nayo kutoka mtoni kwenye beseni, nikayalaza kutoka mlangoni hadi jikoni tusitembee kwenye matope. Maji ya bafu niliyaelekeza kwenye migomba mitatu, nayo ikanenepa kwa sabuni yetu. Karibu na bafu nilipanda mchaichai. Mteremko wa nyuma niliufunika kwa matembele, yakashika udongo na yakatulisha. Maboga niliyapandisha juu ya paa la jikoni, na chini yake kukawa na ubaridi mzuri. Kando ya njia ya mawe nilichimbia chupa zilizopinduliwa, nilivyoona kwa shangazi yangu wa Shasha, na ndani ya mistari hiyo nikaweka maua mekundu yanayopenda jua.

Na kuzunguka vyote hivyo nikapanda wigo. Huku mti unaota unapoutazama, kwa hiyo haukuchelewa kufika kifuani, kisha juu ya kichwa. Baba alisimamia kazi hiyo akiwa kwenye kiti chake. Vipande vya gunia lile, vile vilivyopona, alivichomeka mwenyewe pande zote mbili za mlango, akavikanyagia udongo kwa mguu. Majani yake marefu yalipofunguka, alisimama katikati yake na kuniambia:

"Sasa njo niko kwangu."

Asubuhi iliyofuata alitoa viti viwili.

Nakiri uwanja ulikuwa mzuri. Sijaona mwingine kama ule Walikale, na nilijivuna. Nilikuwa nachelewa kwenda sokoni makusudi ili nimwagilie maua ya mlangoni watu wakiwa wanapita. Lakini hakuna aliyeingia. Kwanza niliwaza wana kazi za mashambani. Mvua zikaisha, zikarudi. Kiti cha pili kilikaa pale na vumbi lake, na jioni nilikuwa nakikalia mimi, nimechoka, shingo inauma kwa cherehani.

"Nani alipita leo, Papa?"

"Batu balipita."

"Hakuna mwenye aliingia?"

"Hakuna. Banapita polepole. Banapita sawa benye banaenda ku kilio."

Nilifikiri ni masikio yake. Halafu siku moja ya kutofanya kazi nikasikia mwenyewe. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka mtoni na ndoo zao, wanacheka, mmoja anasimulia mambo ya wifi yake. Walipofika kwenye kona ya wigo wangu walinyamaza. Nilisikia nyayo tu, na maji yakicheza ndani ya ndoo. Walipopita kona ya pili, kicheko kikarudi. Hata watoto walinyamaza. Nilisimama nyuma ya majani yangu mazuri. Nikasema, basi, hawatupendi. Sisi ni watu wa kuja, wa milimani, na hawataki hata kutusikilizisha kicheko chao.

Kuanzia siku ile nikawa mtu mbaya. Niliacha kusalimia wa kwanza. Aliyeleta sketi ifupishwe nilimpimia, nikafupisha, nikamrudishia bila neno. Nyumbani baba aliongea na kuku. Kisha nikamkuta anaongea na kiti cha pili, anakieleza habari ya shamba fulani la mihogo la Karuba, ananyamaza kidogo ili kijibu, anaendelea. Aliponiona aliona haya, akajifanya anakohoa. Nilikwenda jikoni chini ya maboga na kulia kwenye kitenge nisisikike. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa ndani ya uwanja ule nilioutengeneza kwa mikono yangu.

Aliyefungua jambo hili ni mama mmoja, jirani wa nyumba ya pili, mke wa mzee aliyekuwa zamani mwindaji. Alinifuata sokoni na gauni lililochanika kwapani. Nilikuwa nimeinama kwenye cherehani. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, na papa iko namna gani? Dawa inamushika?"

"Dawa gani?"

"Ile munamupatia. Sisi tunapita pale tunanyamaza, juu tusiiharibu."

Niliondoa mguu kwenye kanyagio. "Mama, kwangu hakuna mugonjwa. Nani alikuambia?"

Alinitazama, naye akachanganyikiwa kama mimi. "Hakuna mwenye alisema. Parseli yenu njo ilisema, uwanja wenyewe. Mulizungusha miti, mukapanda yale majani marefu ku mulango. Huku kwetu mutu akifanya vile, iko na mugonjwa mwenye hapashwi kuonekana, ao dawa inakufa. Na tunasikia mutu muzee anakohoa. Hata batoto tulibakataza kelele."

"Ile majani iko ya mupaka."

"Ya mupaka wa nini?"

Muda wote ule walikuwa wanatuheshimu. Walikuwa wanashika midomo ya watoto wao ili baba yangu apone, na mimi nilikuwa nawachukia. Nilicheka hadi wauza samaki wa meza ya jirani wakageuka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na yule mama akanishika bega bila kuelewa. Gauni lake nililishona bure, na kwa kuchanganyikiwa nikalishona kwapa lote likafungika, ikabidi nifumue.

Nilirudi nyumbani mchana. Baba alikuwa mahali pake, kiti cha pili mbele yake. Nilikaa, nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa polepole.

"Kumbe nilikuwa mugonjwa na hamukuniambia," alisema.

Kisha akatazama mlango. Nilijua anachotazama. Wigo ningeweza kuukata mimi na panga kabla ya jioni. Lakini ile mimea miwili ilikuwa yake. Ilikuwa imetoka kwenye mlango wa baba yake, na yeye alikuwa ameibeba mapajani kutoka milimani. Mtu wa kwetu hang'oi mmea wa mpaka. Hata anayehama kabisa anauacha pale ushuhudie. Sikumwomba. Nilianza kusema kwamba tunaweza kuwaeleza majirani mmoja mmoja, na kwamba sasa mama yule atasambaza habari.

"Leta jembe, Mama," alisema. Aliniita Mama siku zote, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

Alichimba mwenyewe. Mmea wa kwanza ulitoka na mizizi yake ya rangi ya chungwa, na aliuangalia kwa muda mrefu. Wa pili alinyoosha mkono nimsaidie. Mikono yetu yote minne ilikuwa kwenye shina, tukavuta, tukaanguka wote wawili kwenye maua yangu mekundu, na chupa moja ikapasuka. Nilichukua panga na kuufyeka wigo wote wa upande wa njia, hadi mbu wakanila na mikono ikatoka malengelenge. Nilipomaliza, nyumba yetu ilisimama mbele ya Walikale yote kama mtu aliyevuliwa kofia.

Baba alichukua kiti, akafanya alivyofanya Karuba. Alikaa hapa, akahama, akakaa pale. Nilikuwa nimemwekea mahali pa kukaa kwenye jua, kwa desturi ya milimani, na alikuwa ameungua mwaka mzima bila kulalamika. Sasa alitafuta kivuli. Mwishowe alifika pembeni kabisa mwa njia, chini ya migomba, mahali ambapo mtu akipita na ndoo lazima aseme samahani. Akakwaruza ardhi kwa kisigino. Akatengeneza kiti cha pili kielekee chake.

Mzee mwindaji ndiye aliyekuja wa kwanza, kesho yake, mkewe akiwa amemsukuma. Nilichelewa makusudi kwenda sokoni. Alisimama njiani, akamtazama baba kama mtu anayemwona aliyefufuka, akasalimia kwa Kinyanga. Baba akajibu kwa Kihunde. Lugha hizo ni ndugu, zinasikilizana nusu, na ile nusu nyingine iliwapa kazi ya kubishana kwa miezi. Nilipoondoka walikuwa wanabishana jina la ndege.

Baada ya hapo nilikuwa nikirudi naukuta uwanja umejaa. Wengine walikuja na viti vyao, wengine walikalia mawe yangu ya mtoni. Walipiga paa la majani juu ya vigingi vinne, bila ukuta, ikawa baraza. Maua yalikanyagwa yakaisha. Sauti ya baba ilirudi, nene, ya kukata maneno ya wenzake katikati. Aliwafundisha desturi yake ya viti, naye mzee mwindaji akaipenda akawa anawakosoa watu mtaani kwa ajili yake. Mimi niliingia nikasalimia, nikapita kwenda jikoni, maana baraza lilikuwa la wazee na kiti cha pili kilikuwa na mwenyewe. Niliwasikia wakicheka nikiwa napepeta mchele. Nilifurahi, na nilikuwa peke yangu, vyote kwa pamoja, na nilishangaa kwamba vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Alifariki mchana wa mvua nyepesi, akiwa kwenye kiti chake chini ya baraza. Mzee mwindaji alikuwa akimsimulia habari ndefu ya nguruwe wa msituni, na aliendelea kuisimulia kwa muda kabla ya kuona kwamba hasikilizwi. Alinieleza hivyo mwenyewe, akilia, akiniomba radhi. Nilimwambia hakuna radhi hapo. Nilikuwa nimetaka baba apate mtu wa kuongea naye, akampata hadi neno la mwisho. Mimi nilikuwa sokoni, naweka vifungo kwenye shati la mtu. Hilo ndilo linaloniuma, na sidhani litaacha.

Kilio kilijaza uwanja hadi njiani. Kisha watu wakarudi kwenye kazi zao, inavyopaswa. Ile mimea miwili baba alikuwa ameitupa nyuma ya jikoni, na haikukubali kufa. Nilichukua mmoja nikauchomeka kichwani mwa kaburi. Kwa siku kadhaa sikwenda sokoni. Asubuhi moja nikachukua ungo wa maharagwe, nikatoa kiti, nikakaa chini ya migomba nichambue. Watu walipita. Walinisalimia kwa upole na kuendelea. Wanawake wa ndoo walipofika kwangu walishusha sauti, na niliposikia ule unyamavu tena, baridi ya Karuba ilinipita mgongoni pamoja na joto lote lile.

Mzee mwindaji alikuja na fimbo yake. Alifika mbele ya migomba, akasimama, akatazama chini, akaanza kuondoka.

"Papa, haukae?" nilimwita.

Aligeuka. Alionekana kuona haya, kama mtoto aliyekatazwa.

"Mama, leo ulitoa kiti moja," alisema. "Papa alitufundisha. Kiti moja, hakuna nafasi."

Nilitazama kando yangu. Hapakuwa na kitu, udongo tu, na alama za miguu mitatu iliyokuwa imekaa pale hadi ikachimba. Nilikuwa nimetoa kiti kimoja kwa sababu nilijihesabu nikajikuta mmoja. Niliweka ungo chini na kumwambia asubiri. Ndani ya nyumba, kiti cha baba kilikuwa nyuma ya mlango, mahali nilipokificha ili nisikione. Nilikipangusa kwa kitenge, nikakitoa, nikakiweka kwenye alama zake.

Alikaa, akaegemeza fimbo kwenye mgomba, akavuta ungo katikati yetu. Kisha akauliza habari ya nguruwe ilikuwa imefika wapi.